Waliofika Shimoni

Mwishoni mwa Januari 2001 vyombo vilianza kuingia Shimoni kutoka Pemba vikiwa havina samaki, havina karafuu, wala shehena yoyote ya kuuzwa. Vilijaa watu. Walishuka wanaume waliotoka na nguo za mwilini tu, kina mama waliobeba watoto, wazee walioshikwa mkono kupita majini, na baadhi yao waliuguza majeraha. Wiki chache baadaye hesabu ilikuwa imepita 2,000. Mombasa, watu wa idadi hiyo huvuka kivuko cha Likoni asubuhi moja na hakuna anayegeuza shingo. Shimoni ni jambo jingine. Ni kijiji cha mwisho wa njia: ukishika barabara kuu ya Likoni kwenda Lunga Lunga, unakata kushoto Kanana, unakwenda kilomita kama 15 kati ya minazi, miembe na vichaka vilivyoota juu ya mawe ya matumbawe, mpaka bahari ikuzuie. Kuna gati, kituo cha polisi, ofisi za serikali, misikiti, maduka machache, mapango, na ng'ambo ya maji kisiwa cha Wasini.

Hao waliofika hawakupotea njia. Januari ni kaskazi. Upepo unatoka kaskazini mashariki, na nahodha anayetoka Wete au Micheweni huupata ubavuni, chombo kimeinama, na mkondo wa bahari humsaidia kwa kumsukuma kaskazini. Ni safari ya kilomita hamsini na kitu juu ya maji yenye kina cha mamia ya mita. Wavuvi wa Kipemba wameikata tangu enzi za babu zao, wakienda dago, kupiga kambi msimu mzima Shimoni, Wasini, Vanga na Gazi, kisha kurudi kwao. Wengine hawakurudi, walioa, wakajenga, wakazika. Mpemba akisema neno Wasini, Mvumba, mwenyeji wa huko, hamwulizi mara mbili. Kwa hiyo aliyekuwa akikimbia mwaka 2001 alikimbilia ambako alijua kuna mjomba, shemeji, au angalau mtu aliyewahi kuvua naye mwambani.

Kule walikotoka bunduki zilikuwa zimelia. Uchaguzi wa Zanzibar wa tarehe 29 Oktoba 2000 uliharibika, ukarudiwa katika majimbo 16 ya Unguja siku saba baadaye, chama cha upinzani cha CUF kikasusia marudio hayo, na Amani Abeid Karume wa chama tawala cha CCM akatangazwa rais. CUF ikaitisha maandamano ya Jumamosi, tarehe 27 Januari 2001, kudai uchaguzi mpya. Serikali ikayapiga marufuku. Ijumaa, siku moja kabla, polisi walifyatua risasi msikitini Mwembetanga, mjini Unguja, na imamu akauawa. Jumamosi ikawa zamu ya Pemba: Wete, Micheweni, Chake Chake, Mkoani. Shirika la Human Rights Watch lilihesabu wafu wasiopungua 35 na majeruhi zaidi ya 600. Tume ya serikali chini ya Brigedia Hashim Mbita ilikuja na idadi ya 31. Askari polisi mmoja naye aliuawa Micheweni. Kilichowavusha watu bahari, hata hivyo, ni siku zilizofuata: misako ya nyumba kwa nyumba, vipigo, wizi wa mali na ubakaji. Wanaume walilala mikokoni wakingoja maji yajae.

Pwani ya kusini kuna kauli isiyokufa, nayo husemwa na mzee barazani sawa na mwanasiasa jukwaani: wageni wakizidi, uhalifu nao huzidi. Kauli hiyo ina mvuto kwa sababu kila mtu ana kisa cha kuitia nguvu. Lakini ukiifuata historia ya Shimoni na kaunti yake, Kwale, kwa ujumla, mara nyingi mambo yamekwenda kwa mpangilio wa kinyume. Damu hutangulia, watu hufuata, ama wakiingia ama wakitoka. Na waliomwaga damu mara nyingi hawakuwa wageni wala majambazi wa mtaani, bali watu waliokuwa na amri, mafunzo au mtu mkubwa nyuma yao.

Mapango ya Shimoni ni mahali pazuri pa kuanzia. Mdomo wa pango kubwa uko hatua chache kutoka gatini. Unashuka, joto linakatika ghafla, unakanyaga udongo wenye unyevu. Juu kuna matundu yanayopitisha mwanga na mizizi, popo wamejazana pembezoni, na ukutani mlinzi anakuonyesha chuma ambacho wenyeji husema kilifungiwa minyororo. Masimulizi yaliyozoeleka ni kwamba watumwa walihifadhiwa humu wakingoja majahazi. Yapo masimulizi mengine, ya zamani pengine kuliko hayo, kwamba wanakijiji walijificha mapangoni Wamasai walipovamia pwani katika karne ya 19. Pango lilelile ni gereza katika simulizi moja na kimbilio katika nyingine. Wanaakiolojia, akiwamo Herman Kiriama aliyeandika sana kuhusu kumbukumbu za utumwa hapa Shimoni, wameonyesha jinsi wenyeji wa asili mbalimbali wanavyolisimulia pango kwa namna tofauti. Watembezaji wa watalii, kwa upande wao, wameshachagua simulizi, na si ajabu: mtalii halipi kiingilio kuona mahali ambapo watu walisalimika.

Biashara yenyewe haina shaka. Aprili 1872 kimbunga kiling'oa mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba imesimama. Bei ikapanda, Pemba ikataka mikono. Mwaka uliofuata, Juni 1873, Sultani Barghash alilazimishwa na Waingereza kufunga soko la watumwa la Unguja na kupiga marufuku usafirishaji wao baharini. Biashara ikahamia njia za panya: misafara ikapanda kaskazini kwa miguu ikipitia Pangani na Vanga, na usiku vyombo vidogo vikavusha watu kwenda mashamba ya karafuu ya Pemba. Ni mkondo uleule ambao baada ya miaka 128 ungeleta Wapemba upande huu, safari hii wakiwa huru lakini wakikimbia.

Waingereza walipofika hawakutulia Vanga wala Gazi. Kampuni yao ya IBEA, iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888, ilifungua kituo Shimoni, na magofu ya jengo linaloitwa gereza la wakoloni bado yako. Kwa muda kijiji hiki kilikuwa ndio makao ya utawala wa wilaya ya Vanga, kabla ya makao kupandishwa mjini Kwale, milimani penye baridi. Utawala huo ulizaliwa vitani. Mbaruk bin Rashid al-Mazrui wa Gazi, aliyekuwa amepigana na masultani wa Zanzibar kwa miongo mingi, aliingia msituni mwaka 1895 ugomvi wa urithi wa Takaungu ulipogeuka kuwa vita vya Wamazrui na Waingereza. Agosti mwaka huo manowari za Admirali Rawson zilishusha askari, wakapanda hadi ngome yake ya Mwele, nyuma ya milima ya Shimba, wakaibomoa. Vijiji vilichomwa na pande zote mbili. Askari wakaletwa kutoka India. Aprili 1896 Mbaruk alivuka mpaka na maelfu ya wafuasi wake, akaweka silaha chini mbele ya Wajerumani huko Moa, karibu na Tanga. Hapo ndipo pwani ya kusini ilipopata somo lake la kwanza la kisasa kuhusu mpaka: mstari uliochorwa Ulaya unaweza kumwokoa mtu, mradi auvuke kwa wakati.

Vita vya kwanza vya dunia viliupitia mpaka huohuo. Wajerumani walishambulia Gazi Oktoba 1914, na Januari 1915 wakawashinda Waingereza kule Jasini. Watu wa Vanga walihama, wakarudi, wakajenga upya. Hayo yalipita.

Yaliyobaki ni mambo mawili ya polepole, na haya ndiyo yaliyopanda mbegu ya machafuko ya mwaka 1997. La kwanza ni ardhi. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 ilimtaka kila mwenye dai katika ukanda wa pwani alipeleke mbele ya afisa. Asiyefika, ardhi yake ikawa ya Serikali. Mdigo, mwenyeji wa pwani hii, aliyelima shamba la ukoo kwa zamu hakuwa na karatasi, wala hakuona kwa nini ajieleze kuhusu mnazi alioupanda babu yake. La pili ni kazi. Mashamba ya mkonge na kiwanda cha sukari cha Ramisi vililetea Kwale vibarua kutoka mbali, wakiwamo Wamakonde kutoka Msumbiji waliofika kuanzia miaka ya 1930. Miaka ya 1950 na 1960 mpango wa makazi wa Shimba Hills ulileta Wakamba. Kisha, hasa kuanzia miaka ya 1970, hoteli zikapanga mstari Diani (Two Fishes, Trade Winds, Robinson Baobab na nyinginezo), na Ukunda, kijiji cha njia panda, ikafura. Wapishi, madereva, wachongaji, askari wa lango, walimu, makarani, wauza mitumba: wengi wao walitoka bara. Viwanja vya ufukweni vilikuwa na hati, na majina kwenye hati hizo mara chache yalikuwa ya Kidigo. Mwenyeji akawa skwota karibu na kaburi la nyanya yake. Mwaka 1988 kiwanda cha Ramisi kikafungwa, na vijana wa Msambweni wakabaki na bahari, na bahari nayo sehemu yake nzuri mbele ya Shimoni ilikuwa imeshafanywa hifadhi ya Kisite na Mpunguti.

Hasira ilikuwa ya kweli. Swali ni nani aliyeiokota.

Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kundi la watu wenye mapanga, pinde, mishale na bunduki chache lilivamia kituo cha polisi cha Likoni na kituo kidogo cha kivukoni. Waliua askari wasiopungua sita, wakawafungua mahabusu, wakachoma moto majengo na kuondoka na makumi ya bunduki. Kisha wakaenda mitaani. Walitafuta watu wa bara: Waluo, Wakamba, Waluhya, Wakikuyu. Vibanda vilichomwa safu kwa safu. Waliosalimika walijaa kanisa Katoliki la Likoni, na mashambulizi yakaendelea kwa wiki kadhaa, yakishuka Ukunda na Diani, yakipanda Shimba Hills na Matuga, yakigusa Msambweni. Hesabu ya Human Rights Watch ni wafu 104, majeruhi 133 na zaidi ya watu 100,000 waliohama makwao. Wenyeji hawahitaji tarehe. Husema tu Kaya Bombo, kwa jina la msitu ulio upande wa Matuga ambako vijana walikula kiapo, wakachanjwa dawa ya kuzuia risasi na kufundishwa vita na watu waliowahi kuwa jeshini.

Msitu wa kaya ni mahali ambapo Mdigo mwenye heshima zake haingii na viatu wala hakati kuni. Kuugeuza kambi ya mauaji kulikuwa uvunjaji wa mila kabla hakujawa uvunjaji wa sheria, na hilo limesemwa kidogo mno.

Hakuna aliyeshangaa sana kwamba mwaka huo ulikuwa wa uchaguzi. Mwaka 1992 Likoni ilikuwa imekikataa chama tawala cha KANU, na kura za watu wa bara zilihesabiwa kuwa za upinzani. Vijana waliohojiwa baadaye walieleza kwamba waliahidiwa ardhi, kazi na nyumba za waliofukuzwa. Tume ya Jaji Akilano Akiwumi, iliyoundwa mwaka 1998 na ambayo ripoti yake ilikaa kabatini hadi mwaka 2002, iliukuta mkono wa wanasiasa katika machafuko hayo, ikaulaumu utawala na vyombo vya usalama kwa kupewa habari mapema na kuzembea. Kesi nyingi zilivunjika mahakamani. Kama kulikuwa na hesabu ya kuhamisha wapiga kura, haikuzaa walichokitaka wote: Desemba 1997 Likoni ilikwenda kwa chama kipya cha pwani, Shirikisho.

Wadigo nao walilipa. Msako wa askari haukuuliza nani alikula kiapo na nani hakula. Wanaume walikamatwa kijiji kizima, wengine wakateswa, na waliobaki wakalala porini kama wale waliokuwa wakitafutwa nao. Watalii walifuta safari, hoteli za Diani zikafunga milango au kupunguza wafanyakazi, na aliyepoteza kazi ya kufua mashuka hakuulizwa kabila. Kwa mwaka mzima na zaidi Ukunda ilikuwa na nyumba zisizo na wapangaji na magofu ya vibanda yaliyoota magugu.

Sasa tazama sensa. Kenya huhesabu watu wake kila miaka kumi, usiku wa tarehe 24 Agosti. Mwaka 1969 wilaya ya Kwale ilikuwa na watu 205,602. Mwaka 1979 walifika 288,363, na mwaka 1989 walikuwa 383,053. Halafu ikaja sensa ya 1999, miaka miwili na siku chache baada ya Kaya Bombo: watu 496,133. Mtu asiyejua lolote akilisoma jedwali hilo hataona hata kovu. Ongezeko la miaka kumi yenye mauaji ni karibu asilimia 30. La miaka kumi iliyofuata, hadi 649,931 mwaka 2009, ni asilimia 31. Na la mwisho, hadi 866,820 mwaka 2019, ni asilimia 33. Sehemu ya sababu ni mpaka wa kiutawala, kwa kuwa Likoni huhesabiwa Mombasa. Sehemu ni uzazi, ambao Kwale haukuwahi kupungua kwa kasi. Lakini sababu kubwa ni ya kawaida kabisa: waliofukuzwa walirudi, na wasiorudi nafasi yao ilichukuliwa na wengine kutoka kulekule bara. Waliopanga kubadili sura ya pwani kwa panga walibadili maisha ya watu maelfu, na sura ikabaki ileile.

Takwimu za uhalifu zina upofu wake pia, hasa mahali padogo. Wataalamu hupima mauaji kwa kila watu 100,000. Katika kijiji cha watu 4,000, ugomvi mmoja wa ulevi ukiisha kwa kisu, kiwango kinaruka hadi 25, mara nne ya wastani wa dunia, na mwaka unaofuata kinarudi sifuri. Mwenye kutaka kuitangaza Shimoni kuwa pepo au jehanamu anaweza kufanya hivyo kwa kuchagua mwaka tu. Ndiyo maana historia ya mahali kama hapa husomwa vizuri zaidi kwa miongo kuliko kwa ripoti za kila mwaka.

Na hapo ndipo vyombo vya Wapemba vinapokuwa kipimo cha haki. Kama kauli ya barazani ingekuwa kweli, kijiji kilichopokea zaidi ya wageni 2,000 kwa mkupuo, wengi wao vijana wa kiume wasio na kazi, waliotoka kwenye risasi na wenye uchungu wa siasa, na hayo miaka mitatu tu na nusu baada ya Kaya Bombo, kingewaka moto. Hakikuwaka. Kwanza wenyeji wa Shimoni na Wasini waliwagawia vyakula na vyumba, misikiti ikawa mabweni, kisha shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa likafika na mahema. Maji yalikuwa shida. Shimoni na Wasini hutegemea visima vya maji ya chumvichumvi na matangi ya mvua, na Januari hakuna mvua.

Ugomvi uliokuwapo ulikuwa na serikali zaidi kuliko na majirani. Kambi iliyo karibu na mpaka wa nchi waliyoikimbia wakimbizi haikubaliki katika kanuni za wakimbizi, hivyo Wapemba walitakiwa wahamie Dadaab, kaunti ya leo ya Garissa, karibu na Somalia. Mtu aliyezaliwa akisikia mawimbi aliambiwa aende kuishi kwenye mchanga usio na bahari. Baadhi walikwenda. Wachache walifika mpaka Mogadishu, safari ambayo hata wao baadaye ilikuwa vigumu kuieleza, kwa sababu ni nani anayekimbilia Mogadishu? Wengi walikataa, wakajichanganya na jamaa zao au wakarejea Pemba kwa vikundi. Tarehe 10 Oktoba 2001 CCM na CUF zilitia saini mwafaka, na suala la Shimoni likatoka magazetini.

Ni haki kusema kwamba utulivu huo haukutokana na wema mtupu. Waliofika walikuwa ndugu kwa damu, dini na lugha, jambo ambalo fundi wa Kiluo wa Likoni hakuwa nalo. Pia hapakuwa na mwanasiasa wa Kenya mwenye faida ya kuwachochea wenyeji dhidi ya Wapemba, kwani hawakuwa na kura. Bila mchochezi, chuki ilikosa wa kuipangia safari.

Muongo uliofuata ulileta damu ya aina nyingine, na safari hii haikuja na wageni kabisa. Baraza la MRC, lililodai kuwa Pwani si sehemu ya Kenya, lilipata wafuasi wengi Kwale kwa kutumia hoja zilezile za ardhi. Lilipigwa marufuku mwaka 2010, Mahakama Kuu ya Mombasa ikaiondoa marufuku hiyo Julai 2012, na Oktoba mwaka huo kiongozi wake Omar Mwamnuadzi akakamatwa Kombani katika operesheni iliyoacha watu wamekufa. Wakati huohuo vijana wa Ukunda, Bongwe, Gombato na Msambweni walianza kutoweka majumbani. Wengine walikuwa wamekwenda Somalia kujiunga na Al-Shabaab. Walioanza kurejea waliikuta hatari pande mbili. Wazee wa Nyumba Kumi na watu walioshukiwa kupeleka habari kwa polisi waliuawa usiku majumbani mwao, na upande wa pili vijana walioshukiwa waliokotwa wamekufa au hawakuonekana tena. Desemba 2016 shirika la HAKI Africa lilichapisha ripoti ya mauaji na upotevu wa watu mikononi mwa vyombo vya usalama Pwani tangu 2012. Visa vilivyoorodheshwa vilikuwa 81. Mwanzoni mwa 2017 Kwale ikawa miongoni mwa kaunti za kwanza nchini kuzindua mpango wake wa kupambana na itikadi kali.

Mwaka huohuo hali ya kufanana sana ilizuka kusini zaidi, Kibiti, Mkuranga na Rufiji nchini Tanzania. Wenyeviti wa vijiji na watendaji walipigwa risasi mmoja baada ya mwingine, na Aprili 2017 polisi wanane waliuawa pamoja Jaribu Mpakani. Hapo pia hapakuwa na mafuriko ya wageni ya kulaumiwa. Kwale ilikuwa ikikua kwa kasi wakati huo, ndiyo: mgodi wa Base Titanium ulianza kuchimba mwaka 2013, mashamba ya miwa yalipandwa upya Ramisi, Ukunda ikajenga ghorofa juu ya ghorofa. Lakini wahandisi na madereva wa mgodi hawakuwa wauaji wala waliouawa. Waliokuwa wakiuana walisoma chuo kimoja na kucheza mpira uwanja mmoja.

Shimoni, mwisho wa njia yake, ilipita muongo huo kwa utulivu zaidi kuliko Ukunda. Mizozo yake ni ya baharini. Wavuvi wa dago huja na nyavu kubwa za kuzungusha, wenyeji hulalamika kwamba samaki humalizwa, kikundi cha usimamizi wa ufuo huitwa, barua huandikwa kwa idara ya uvuvi, na mara nyingine watu hurushiana ngumi kabla ya ada ya kambi kukubaliwa. Mashine za boti huibwa. Kibuyuni, kijiji jirani, kina mama wamegeukia kilimo cha mwani kwenye maji mafupi, na serikali ilianza kujenga bandari ya samaki Shimoni kwenyewe, jambo linaloweza kuvuta vibarua kutoka mbali kama Ramisi ilivyovuta.

Kiasi ambacho polisi wanakijua katika haya hutegemea pia vitambulisho. Kwa miongo mingi maelfu ya Wamakonde na Wapemba wa Kwale waliishi Kenya bila uraia wa nchi yoyote. Asiye na kitambulisho hasajili boti kwa jina lake, hafungui akaunti, hapokei malipo ya samaki kwa simu yake mwenyewe. Na akiibiwa au akipigwa haendi kituoni, maana anaweza kulala ndani yeye badala ya mwizi. Hesabu za uhalifu za miaka hiyo yote haziwahusu. Oktoba 2016 Wamakonde walitembea kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kuonana na Rais Uhuru Kenyatta, na Februari 2017 wakapokea vitambulisho kama kabila la 43 la Kenya. Wapemba, walio 7,000 hivi, walisubiri hadi 2023, serikali ya William Ruto ilipowatambua.

Sasa wana pa kupeleka malalamiko yao, na majina yao yatakuwa kwenye sensa ya 2029. Mwaka wa kabla yake hautakuwa wa uchaguzi. Wa 2027 ndio.